Chombo Kikiharibika Katika Nyumba ya Kupanga: Ni Juu ya Nani Kukibadili?

Watu wengi katika Kenya, hasa wale wafanyao kazi mijini, hukaa katika nyumba zisizo zao. Kila mwezi mpangaji hutoa kodi, mwenye nyumba huipokea, na pande zote mbili hudhani ya kuwa mapatano yao yamekwisha hapo. Walakini mapatano ya nyumba si ya kodi peke yake. Yule atoaye kodi hanunui kuta. Hununua haki ya kukaa kwa amani mahali pafaapo kukaliwa na watu. Na yule apokeaye kodi hapokei zawadi. Hupokea malipo ya kitu alichoahidi kukitoa.

Jambo hili husahauliwa mpaka siku chombo kimoja kiharibikapo. Bomba la jikoni hukataa kufungwa, na maji hutiririka usiku kucha. Pampu ipandishayo maji kwenye tangi la juu huungua. Choo cha kuvuta maji hakivuti tena. Ndipo mpangaji aendapo kwa mwenye nyumba na kusema, "Habari za leo, mzee. Choo kimeharibika, na watoto wanapata taabu." Naye mzee hujibu, "Njema, mwanangu. Lakini ulipoingia kilikuwa kizima. Wewe ndiwe uliyekitumia, basi wewe ndiwe utakayekitengeneza." Kila mmoja huona kwamba haki ni yake, na kila mmoja huenda zake na kinyongo. Juma hupita, kisha mwezi. Uchafu huzidi, mtoto huanza kuhara, na kodi ya mwezi ujao hulipwa kwa uchungu au hailipwi kabisa.

Somo hili laeleza ni vyombo gani vilivyo juu ya mwenye nyumba, ni vipi vilivyo juu ya mpangaji, na ni njia gani ifaayo kufuatwa ili haki ipatikane pasipo ugomvi. Lawafaa wapangaji, nalo lawafaa wenye nyumba vile vile, maana mtu aliye mpangaji mjini huenda ndiye mwenye vyumba vya kupangisha kwao.

MASWALI MATATU YA KWANZA

Kabla ya kushindana, yapasa watu waulize maswali matatu na kuyajibu kwa kweli.

Swali la kwanza ni hili: Je, chombo kimeshikamana na nyumba, au ni kitu cha kuhamishika? Bomba, sinki, choo, nyaya za umeme zilizomo ukutani, swichi, soketi, kitasa cha mlango, tangi la maji na heta iliyofungwa ukutani bafuni, hivyo vyote ni kama mifupa na mishipa ya nyumba. Mpangaji akihama hana ruhusa ya kuving'oa. Lakini jiko la gesi, jokofu, pasi na televisheni ni vitu vya kuhamishika.

Swali la pili: Ni nani aliyekileta? Desturi ya Kenya ni kwamba nyumba nyingi hupangishwa tupu. Mpangaji huja na kitanda chake, jiko lake na jokofu lake kama analo. Hivyo vikivunjika ni hasara yake mwenyewe, wala hawezi kumwendea mwenye nyumba adai vingine. Lakini ziko nyumba zipangishwazo pamoja na samani, na kodi yake huwa kubwa zaidi kwa sababu hiyo. Hapo mpangaji ametoa fedha kwa ajili ya nyumba na kwa ajili ya vyombo, na hesabu yake ni nyingine.

Swali la tatu: Kimeharibika kwa sababu gani? Kila kitu kitumiwacho huchakaa. Kile kipira kidogo kilicho ndani ya bomba huliwa na maji hata kikaisha, ijapokuwa bomba lafungwa kwa upole kila siku. Huo ni uchakavu wa kawaida, nao hauwi kosa la mtu. Lakini sinki lililopasuka kwa kuwa mtu alipasulia kuni juu yake, au choo kilichoziba kwa sababu kilitiwa matambara, hayo ni makosa ya mtumiaji, na gharama ni juu yake. Tena iko sababu ya tatu, nayo ni ajali isiyo ya mtu, kama radi, mafuriko au moto uliotoka kwa jirani.

Mtu akiyajibu maswali hayo matatu kwa haki, mara nyingi atakuwa amekwisha kupata hukumu kabla hajafika mbele ya hakimu.

SHERIA ILIKOTOKA

Sheria ya Kenya juu ya nyumba za kupanga ina mizizi yake katika sheria ya Uingereza. Sheria ya mwaka 1967 ihusuyo kazi ya mahakama za Kenya yasema kwamba, mahali pasipo na sheria iliyoandikwa, mahakama zitafuata misingi ya sheria ya Uingereza kama ilivyokuwa tarehe 12 Agosti 1897, kadiri hali ya nchi na ya watu wake iruhusuvyo. Kwa sababu hiyo ni vizuri kujua jinsi Waingereza walivyolitazama jambo hili zamani.

Katika mwaka 1843 ilisikizwa huko Uingereza kesi moja ambayo wanasheria huitaja hata leo. Bwana mmoja, Sir Thomas Marrable, alipanga nyumba yenye samani katika mji wa Brighton kwa muda wa majuma machache. Walipokwisha kuingia, yeye na jamaa yake walikuta nyumba ina kunguni wengi. Walijaribu kuwaondoa wasiweze. Basi wakahama kabla ya muda kwisha, na mwenye nyumba akamshtaki yule bwana kwa kodi iliyobaki. Mahakama ilimpa haki mpangaji. Ilisema kwamba mtu apangishaye nyumba yenye samani ni kama ameahidi kuwa nyumba ile yafaa kukaliwa siku ile aingiapo mpangaji. Na kama haifai, mpangaji aweza kuondoka.

Lakini hukumu hiyo ilihusu nyumba zenye samani tu. Kwa nyumba tupu, mahakama za Uingereza zilishika kanuni ngumu: mpangaji na atazame kwanza kwa macho yake, akikubali ameikubali nyumba jinsi ilivyo, na hata paa likivuja hana la kusema, isipokuwa mkataba wasema vingine.

Waingereza wenyewe waliona kanuni hiyo haifai. Kwa sheria ya mwaka 1961, ambayo maneno yake sasa yamo katika sheria yao ya 1985, waliagiza kwamba mtu apangishaye nyumba ya kukaa kwa muda usiofika miaka 7 atatengeneza kuta, paa na mifereji ya nje. Tena atatunza vyombo viletavyo maji, gesi na umeme, masinki, mabafu, vyoo, na vyombo vya kupasha nyumba joto na kuchemsha maji. Lakini vyombo vingine vinavyotumia maji hayo, gesi hiyo au umeme huo, kama jiko na jokofu, havikutiwa katika amri hiyo. Sheria hiyo si sheria ya Kenya. Hata hivyo yaonyesha wazi mpaka uliopo kati ya chombo cha nyumba na chombo cha matumizi, na mpaka huo waweza kumsaidia kila mtu aandikaye mkataba.

SHERIA YA KENYA

Kenya ilipopata Sheria ya Ardhi katika mwaka 2012, ile kanuni ngumu ya zamani iliondolewa. Sheria hiyo huingiza ahadi katika kila mapatano ya kupanga, hata kama watu hawakuzitamka. Ahadi zilizo juu ya mwenye nyumba, zihusuzo somo hili, ni nne.

Ya kwanza, mpangaji akilipa kodi na kushika mapatano, atakaa kwa amani bila kusumbuliwa.

Ya pili, nyumba, fleti au chumba cha kukaa watu kitakuwa kinafaa kukaliwa siku mpangaji aingiapo, na kitatunzwa kifae hivyo muda wote wa kupanga. Maneno haya ya mwisho ni ya maana sana. Haitoshi mwenye nyumba kusema, "Ulipoingia kilikuwa kizima."

Ya tatu, ikiwa mtu amepangishwa sehemu tu ya jengo, kama chumba au fleti, mwenye jengo ndiye atakayetengeneza paa, kuta kubwa za nje, mifereji mikubwa ya maji machafu, na vyombo na mapito yatumiwayo na wapangaji wote pamoja.

Ya nne, nyumba ikiharibiwa kwa moto, mafuriko au ajali nyingine isiyotokana na uzembe wa mpangaji, hata isifae kukaliwa, kodi husimama yote au kwa kiasi cha haki mpaka nyumba itengenezwe. Na kama miezi 6 yapita haijatengenezwa, mpangaji aweza kuyavunja mapatano kwa taarifa ya mwezi mmoja.

Sheria hiyo hiyo yamfunga na mpangaji. Yapasa alipe kodi kwa wakati, aitunze nyumba katika hali njema ya kutosha, amruhusu mwenye nyumba aingie kuitazama baada ya kupewa taarifa, na siku ya kuhama airudishe kama alivyoipokea. Lakini haimpasi kulipa kwa ajili ya uchakavu wa kawaida, wala kwa ajili ya moto, dhoruba au ajali ambayo si kosa lake.

Hapo msomaji ataona kwamba sheria haikuandika orodha ya vyombo kimoja kimoja. Imeweka kipimo, nacho ni hiki: je, nyumba yafaa kukaliwa na watu? Nyumba isiyo na choo kifanyacho kazi haifai. Nyumba yenye nyaya za umeme zilizo wazi haifai. Lakini nyumba haiharibiki kuwa isiyofaa kwa sababu jokofu limekufa. Kwa jokofu, jiko na vitu vya namna hiyo, haki ya mpangaji hutoka katika mapatano aliyoyafanya, na ndiyo maana mapatano yapasa kuandikwa.

MIFANO MINNE

Mfano wa kwanza ni wa nyumba ya Kiswahili huko Majengo, Mombasa, yenye vyumba sita na ukumbi katikati, na nyuma yake ua wenye choo kimoja na bomba moja. Bomba lile likivunjika, si haki kumwambia mpangaji wa chumba cha karibu alitengeneze, wala si haki kuwachangisha wote sita. Bomba la wote ni juu ya mwenye nyumba. Ikiwa yajulikana kwa hakika ni nani aliyelivunja kwa makusudi au kwa uzembe, mwenye nyumba alitengeneze kwanza, ili wasio na kosa wapate maji, kisha amdai mkosaji.

Mfano wa pili ni wa fleti katika ghorofa ya tatu huko Nairobi. Mpangaji alipoonyeshwa fleti aliambiwa ya kuwa bafuni mna maji ya moto, na kodi ilipangwa kwa kuhesabu hayo. Baada ya mwaka mmoja heta imeungua ndani kwa uchakavu. Heta imefungwa ukutani, iliwekwa na mwenye nyumba, tena ilikuwa sehemu ya kilichopangishwa. Yapasa mwenye nyumba aitengeneze, au aibadili ikiwa haitengenezeki. Lakini kama mpangaji alinunua heta hiyo mwenyewe na kuifunga, ni juu yake; na kabla ya kuifunga ilimpasa kupata ruhusa, na kuafikiana kama ataing'oa siku ya kuhama au ataiacha.

Mfano wa tatu ni wa chumba chenye samani: kitanda, jiko la gesi na jokofu dogo, vyote vya mwenye nyumba. Jokofu limeacha kugandisha. Ikiwa mkataba wasema mwenye nyumba atavitunza vyombo, jambo limekwisha. Ikiwa mkataba umenyamaza, mpangaji ana hoja nzuri ya kusema kwamba analipa kodi kwa ajili ya jokofu lifanyalo kazi; lakini mwenye nyumba naye aweza kubisha, na shauri likawa refu. Sentensi moja katika mkataba ingaliwaokoa wote wawili.

Mfano wa nne ni wa mwalimu apangaye nyumba ya mabati katika soko dogo la shambani. Maji yake ni ya mvua, yaingiayo katika tangi kwa mfereji wa paa. Mfereji umeoza kwa kutu na kuanguka. Nyumba hiyo haina maji mengine. Mfereji na tangi ni sehemu ya nyumba, nao ndio ulioleta maji ya kunywa. Yapasa mwenye nyumba aurudishe. Lakini kusafisha mfereji majani yasiuzibe, na kufunika tangi mbu wasizae humo, hizo ni kazi ndogo za kila siku za mpangaji.

HATARI YA UMEME

Chombo kimoja chataka maneno ya peke yake, yaani heta ya umeme ya bafuni. Umeme wa majumbani katika Kenya una nguvu ya volti 240, na mwili uliolowa maji huupokea upesi kuliko mwili mkavu. Heta hutumia umeme mwingi kuliko taa. Kwa hiyo yahitaji waya mnene wa peke yake, swichi yake, na waya wa kupeleka umeme ardhini ikiwa heta ina kasoro. Palipo na waya mwembamba, waya hupata moto ukutani bila kuonekana. Pasipo na waya wa ardhini, mtu aogaye huweza kupigwa na umeme akafa.

Dalili za hatari ni hizi: kuhisi kama sindano mkononi unapogusa bomba wakati heta imewashwa, harufu ya kuungua, swichi iliyobadilika rangi, au umeme kukatika kila heta iwashwapo. Mtu aonaye dalili moja ya hizo asiseme "nitavumilia mpaka mwisho wa mwezi." Aizime heta siku hiyo hiyo kwenye swichi yake, asiitumie tena, na ampashe habari mwenye nyumba. Wala mwenye nyumba asimpeleke kijana yeyote mwenye bisibisi. Kazi ya nyaya za umeme yapasa kufanywa na fundi mwenye leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Nishati na Petroli. Fundi asiye na leseni hupunguza gharama leo, na kesho huleta msiba.

NJIA YA KUDAI HAKI

Mpangaji na afuate hatua hizi.

Kwanza, atoe habari upesi. Mtu aliyeona maji yakivuja akanyamaza miezi mitatu hata ukuta ukaoza, amejitia katika kosa. Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Pili, habari ile iandikwe. Maneno ya mdomo husahauliwa, na mwangalizi wa nyumba aliyeambiwa huenda akaacha kazi. Barua, au ujumbe wa simu uliohifadhiwa, yatosha. Aweke nakala, na kama aweza, apige picha ya chombo. Barua iwe fupi na ya heshima, mfano wake ni huu:

"Kwa Mzee mwenye nyumba. Salamu nyingi. Mimi ni mpangaji wa chumba nambari 4. Nakuarifu ya kuwa tarehe 6 mwezi huu choo cha ndani kiliacha kuvuta maji. Hakikuvunjwa, kifaa cha ndani ya tangi lake kimechakaa. Nakuomba umlete fundi kabla ya tarehe 13. Ikiwa wapendelea nimwite fundi mimi, na gharama ikatwe katika kodi, tafadhali niandikie kwamba umekubali, na kiasi ulichokubali. Wako katika heshima, mpangaji."

Tatu, asubiri muda wa haki. Choo, maji na umeme wa hatari ni mambo ya siku chache. Kitasa cha kabati chaweza kungoja.

Nne, akikataliwa, apeleke habari mahali pafaapo. Ikiwa ubovu wahatarisha afya, kama choo kibovu au maji machafu yatiririkayo, aende kwa afisa wa afya, yule ambaye wazee humwita Bwana Afya. Kwa Sheria ya Afya ya Umma, afisa huyo ana uwezo wa kutoa amri ya kuondoa uchafu. Na ikiwa uchafu umetokana na ubovu wa jengo lenyewe, amri hupelekwa kwa mwenye nyumba.

Kwa nyumba ambazo kodi yake ya asili haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, iko sheria ya mwaka 1959 ya kudhibiti kodi za nyumba, na baraza lake la hukumu. Mpangaji wa nyumba ya namna hiyo aweza kulalamika mbele ya baraza hilo, wala hawezi kufukuzwa pasipo amri yake. Kwa nyumba za kodi kubwa zaidi, shauri hupelekwa mahakamani. Ama maduka, hoteli na mikahawa, hayo yana sheria yake ya 1965 na baraza lake jingine.

MAKOSA YA KUEPUKWA

Kosa kubwa la wapangaji ni kuzuia kodi kwa hasira. Mtu husema, "Mpaka atengeneze choo, haoni hata senti yangu." Maneno hayo hupendeza masikioni, lakini ni mtego. Siku kodi ile ilipokosa kulipwa, mpangaji mwenye haki amegeuka kuwa mdaiwa. Sheria ya Kenya humruhusu mwenye nyumba kumtuma dalali mwenye leseni akamate vyombo vya mpangaji kwa deni la kodi. Ndipo mtu aliyekuwa akidai choo cha shilingi elfu chache hutazama kitanda na televisheni vikipakiwa garini mbele ya majirani. Vile vile asikate gharama ya fundi katika kodi kwa akili yake mwenyewe. Alipe kodi, ashike risiti, na adai haki yake kwa njia nyingine. Ikiwa mwenye nyumba amekubali gharama ikatwe, na iandikwe.

Jambo jingine la kujua ni hili. Mtu alipaye kwa mwezi, pasipo muda ulioandikwa, huhesabiwa kuwa amepanga kwa mwezi, na kila upande waweza kuyamaliza mapatano kwa taarifa ya mwezi mmoja, isipokuwa zile nyumba za sheria ya 1959. Kwa hiyo mpangaji wa mwezi na adai haki yake kwa uthabiti, lakini kwa maneno mazuri. Na anayetaka usalama zaidi na aombe mkataba wa mwaka au zaidi.

Wenye nyumba nao wana makosa yao. Wako wakatao maji au umeme, au wang'oao mlango na mabati, ili mpangaji aliyelalamika achoke na kuhama. Hiyo si njia ya sheria. Mwenye nyumba aliye na dai na aende kwenye baraza au mahakama kama mtu mwingine yeyote.

Tena wako wahesabuo kutengeneza kuwa hasara. Na wapige hesabu. Chukua nyumba ya kodi ya shilingi 9,000. Heta mpya pamoja na fundi yagharimu, kwa mfano, shilingi 6,000. Mwenye nyumba akakataa, mpangaji akahama, na nyumba ikakaa tupu miezi miwili. Amepoteza shilingi 18,000, na mpangaji mpya naye atauliza ya heta kabla hajaingia. Tena mpangaji aliyehama huenda alikuwa mtu wa kulipa kila tarehe 5 bila kukumbushwa. Mtu wa namna hiyo si rahisi kumpata mara ya pili.

KARATASI MOJA YATOSHA

Ugomvi mwingi ungalizuiwa siku ya kwanza kwa karatasi moja. Siku ya kuingia, mwenye nyumba na mpangaji wapite pamoja chumba kwa chumba. Wafungue kila bomba, wavute choo, wawashe kila taa, waijaribu heta. Waandike kila chombo na hali yake: kizima, kina ufa, au hakifanyi kazi. Chini yake waandike ni nani atakayekitengeneza kila kimoja, na ni nani atakayekibadili kikifa. Waandike pia kiasi cha amana iliyotolewa, na kwa mambo gani yaweza kukatwa. Kisha watie sahihi wote wawili, na kila mmoja ashike nakala yake. Siku ya kuhama wapite tena na karatasi ile ile mkononi. Mali bila daftari huisha bila habari, na nyumba pia ni mali.

MASWALI YA KUZUNGUMZWA

Wasomaji wakutanao katika vyama vya wapangaji, makanisani, misikitini au barazani waweza kuyazungumza maswali haya.

1. Mtoto wa mpangaji amevunja kioo cha dirisha kwa mpira. Mwezi uo huo upepo umevunja kioo cha dirisha la pili. Ni nani atakayelipa kila kioo, na kwa nini?

2. Pampu ya wapangaji kumi na wawili imeungua. Mwenye jengo ataka kila mmoja atoe mchango sawasawa. Je, ni haki?

3. Mpangaji alifunga heta yake bila ruhusa, nayo ikaunguza nyaya za ukutani. Ni nani mwenye kosa, na angalifanya nini kabla ya kuifunga?

4. Mwenye nyumba amekubali kwa mdomo kwamba mpangaji amwite fundi na akate gharama katika kodi, kisha amekana. Ni hatua gani iliyoachwa?

Ajibuye maswali haya sawasawa amefahamu somo lote.